Lita Mbili za Makhanu

Pale Kaptembwo, mahali lami inapochoka na kuwaachia watu vumbi, kuna benchi ambalo kwa kweli si benchi. Ni ubao wa kitanda cha lori lililokufa zamani, umelazwa juu ya rimu mbili za trekta, na umekaliwa miaka mingi mpaka kila makalio yana bonde lake. Mbele yake Sue anauza kahawa ya tangawizi kutoka kwa birika jeusi, na yeyote anayenunua kikombe kimoja anapewa ruhusa ya kuongea mpaka saa saba. Kwenye ubao huo imeshaamuliwa nani awe rais, kwa nini mvua ya Aprili ilichelewa, na dawa ya ng'ombe aliyevimba tumbo. Na hakuna siku hata moja hesabu hizo zilirudi kulalamika, kwa sababu rais, mvua na ng'ombe hawanywi kahawa kwa Sue. Lakini Jumamosi hii, saa nne asubuhi, hesabu moja ilikuwa imerudi. Ilikuwa imesimama kwenye ploti ya pili kutoka pale, nyuma ya ua wa mabati, ina magurudumu manne na rangi tatu.

Ilikuwa pikapu ya Makhanu. Pijo kuukuu, kijani cha sukuma wiki iliyokomaa, gari ambalo limebeba mchanga, samadi, mawe, na wakati mmoja bibi harusi na kuku wake. Kila mtu pale benchini alijua kwa nini Makhanu anaipaka nyeupe. Jumatatu saa mbili asubuhi, chama cha maziwa huko Bahati kingekagua magari ya kuzungukia wakulima na kuchukua mikebe. Wanataka gari jeupe, jeupe tupu, lisilo na kutu wala kiraka. Gari likipita, mwenyewe ana kazi mwaka mzima, kila alfajiri, mvua inyeshe isinyeshe. Makhanu ana miaka hamsini na sita na mgongo uliochoka kupakia mawe. Nafasi hiyo alikuwa ameingoja kwa miaka minne.

Ephantus Njuguna, ambaye Kaptembwo nzima inamwita Injinia, kwa kawaida hukaa mwisho wa ubao, upande unaotazama ploti ile. Leo alikuwa ameipa mgongo.

— Nimeipita saa hii, — alisema Owino. Huyu ni fundi wa viatu, na jina lake ni Refa, kwa kuwa hawezi kuona watu wawili wakibishana bila kuingia katikati na kuwapa wote makosa. — Boneti, nyeupe. Mlango wa dereva, nyeupe. Mlango ule mwingine ni kijivu cha praima, ile rangi ya kutangulia, tena si kijivu sana, ni kama mtu amepangusia uji. Kutoka hapo kurudi nyuma, kijani. Jameni, hiyo ni gari ama ni bendera?

— Na hiyo nyeupe yenyewe si nyeupe, — Sue akadakia, mikono ndani ya karai la vikombe. — Kijani inachungulia chini yake kama petikoti.

— Sue, chunga mdomo. Kuna wazee hapa, — alisema Refa.

— Wazee gani? Si ni nyinyi mlimwambia anunue lita mbili?

Injinia alimeza kahawa ikiwa moto vile ilivyokuwa. Iliteremka ikimchoma, naye akaiacha ichome.

Kosgei akasimama. Kosgei hasemi akiwa ameketi. Lazima ainuke, afunge kifungo cha koti, atazame kushoto na kulia, ndiyo maana anaitwa Bunge. Alishuka kutoka Olenguruone miaka kumi na miwili iliyopita na gunia la viazi vya kuuza. Viazi viliisha, yeye akabaki.

— Hoja ya nidhamu, — alisema Bunge. — Swali mbele yetu si nani alisema nini. Swali ni, rangi ilienda wapi?

— Hapo sasa! — Injinia akasema, haraka kuliko alivyokusudia. — Hapo umenena kama mtu mzima.

Kwa sababu Injinia alijua vizuri sana nani alisema nini.

Ilikuwa wiki tatu zilizopita, kwenye ubao huu huu. Makhanu alikuja na daftari kuukuu la shule la binti yake Valarie na penseli iliyotafunwa. Makhanu si mtu wa benchi. Huja mara moja kwa mwezi, akaketi pembeni, akacheka wenzake wakicheka. Siku hiyo aliketi karibu kabisa na Injinia, akafungua ukurasa msafi.

— Injinia, wewe ndiye umepaka magari. Kwa pikapu kama yangu, praima ngapi, rangi ngapi?

Sasa, ukweli wa Injinia na magari ni huu. Akiwa kijana alifanya kazi miezi minane katika gereji moja kule Njoro. Kazi yake ilikuwa kubandika magazeti kwenye vioo kabla gari halijapulizwa rangi, na kuyabandua likikauka. Bunduki ya kupulizia hakuwahi kuishika, isipokuwa kuiosha. Lakini miezi minane hiyo ameitafuna miaka zaidi ya ishirini na haijaisha utamu. Kwanza, katika simulizi zake, alipaka Landrova ya D.O. Baadaye akapaka basi. Mwaka jana akapaka ndege, ile ndogo ya kunyunyizia ngano dawa, akiwa juu ya ngazi, na rubani amesimama chini akimwita "sir". Hakuna aliyewahi kukaa akapiga hesabu ya miaka akagundua kwamba ndege ile aliipaka akiwa darasa la pili.

Basi mtu kama huyo ukimwuliza mbele ya watu, utamwambia aseme nini? Alisafisha koo.

— Nyumba ya kupanga, kumi kwa kumi, inakula rangi kiasi gani?

— Galoni moja, — walijibu wote kwa pamoja, hata Sue. Hakuna mtu Kaptembwo asiyeijua hesabu hiyo. Ukihama nyumba, landilodi anataka ukuta urudi vile ulivyoukuta, ama usahau dipoziti yako. Kwa hivyo kila mwenye mkono hapa ameshapaka chumba cha kumi kwa kumi, na kila mmoja alitumia galoni moja, lita nne.

— Haya. Pikapu ni nusu ya nyumba. Ina vioo, na kioo hakipakwi. Nyuma haina paa. Nusu ya galoni ni lita ngapi?

— Mbili!

— Andika mbili. Na praima ni ya kusalimia chuma tu, chuma kijue kuna mgeni. Andika moja.

Walicheka, walipiga mapaja. Bunge alisimama akaongeza kwamba kwa mtu mwenye mkono mwepesi, hata lita moja na nusu ingetosha. Refa naye akafunga mjadala: — Wahenga walisema, penye wengi hapaharibiki neno.

Makhanu aliandika polepole, kama mtu anayeandika jina la mtoto kwenye cheti. Kisha akainua macho.

— Una hakika, Injinia? Maana hii ni mara moja tu.

— Makhanu, hiyo gari mimi ningeipaka nimefunga macho.

Naye Makhanu akafunga daftari, akawalipia wote kahawa, akaenda zake.

Kahawa ile ndiyo iliyokuwa ikimkaa Injinia kifuani siku hizi.

— Mimi nitawaambia rangi ilienda wapi, — alisema Bunge, ambaye alikuwa bado amesimama. — Ilinywea. Hapa ni chini. Kwetu Olenguruone, huko juu Mau, ukifungua mkebe wa rangi, rangi inainuka yenyewe kama uji wa wimbi. Lita moja inapaka gari na inabaki ya geti. Lakini ukishuka hapa Nakuru, hewa ni nzito, inaikalia. Inarudi chini. Ndiyo maana wahenga walisema, mpanda ngazi hushuka.

— Kwa hivyo kule Mombasa hawapaki magari?

— Mombasa wanatumia mapipa, Refa. Uliza mtu yeyote.

— Nani? Wewe umefika Mombasa?

— Nimefika Mtito Andei.

— Kadi ya njano, — alisema Refa. — Kukaa kwa umbali kutoka kwa ukweli. Sikizeni sasa. Tatizo ni ile kijani. Kijani imekaa kwa hiyo gari miaka arobaini, ni mwenyeji. Nyeupe imekuja juzi, ni mgeni. Mnafikiri mwenyeji atatoka tu hivi hivi? Unapuliza nyeupe, kijani inakunywa. Unapuliza tena, inakunywa tena, inapiga mbweu, inasema leta. Kikulacho ki nguoni mwako!

Injinia alishtuka. Alimtazama Refa usoni kuona kama kuna kitu amefichiwa, lakini Refa alikuwa akikuna kifundo cha mguu kwa msumari wa viatu, hana habari kwamba amemchoma mtu.

— Kama ni kijani, — alisema Sue, — si ni kwa sababu praima ilikuwa lita moja? Praima ndiyo ingeifunika kwanza. Hata sisi tukipaka ukuta wa masizi, tunaanza na koti mbili za ile rangi ya bei rahisi.

— Sue, hayo ni ya ukuta, — alisema Refa.

— Si mlipima gari kwa ukuta?

Walitazamana kama watu waliokanyagwa na mtu mwepesi. Bunge akaketi.

— Na jambo lingine, — Sue aliendelea, akipangusa kikombe kwa kona ya leso. — Baba Valarie mwenyewe alinieleza Jumatano alipokuja kuomba mkaa. Alisema ana lita nne. Nikamwuliza, si uliambiwa mbili? Akasema, mbili za rangi na mbili za thina ya kuzimulia, nikichanganya ni nne, kumbe Injinia alijua. Nikanyamaza, mimi sijui mambo ya magari. Lakini najua birika. Nikiongeza maji hapa ndani, vikombe vinaongezeka. Kahawa haiongezeki.

Kama kuna siku maneno ya kweli yalipita mbele ya benchi lile yakiwa yamevaa viatu, ni siku hiyo. Injinia aliyaona yakipita. Alijua ni hayo. Kule Njoro aliwahi kumsikia fundi mkuu, mzee mmoja mkali mwenye sikio moja, akimkaripia mtu: thina ni nauli, inaifikisha rangi kwenye bati halafu inaruka, usihesabu nauli kuwa mzigo. Alisikia hayo akiwa na gazeti mkononi na gundi kwenye vidole. Miaka yote hii yalikuwa kichwani mwake, yamekaa kama chombo kizuri kwenye kabati la mtu asiyepika. Na siku Makhanu alipouliza, hakuyatoa, kwa sababu hayachekeshi.

Angeweza kuyasema sasa. Sue alikuwa amemfungulia mlango.

— Upepo, — Injinia akasema badala yake.

— Upepo?

— Nyinyi mmekaa hapa Nakuru miaka yote na hamjui Menengai ni nini. Menengai ni shimo. Na shimo kazi yake ni gani? Kuvuta! Ikifika saa nane mchana, hewa yote ya huu mji inaenda kuangukia kule ndani. Sasa mtu anapuliza rangi saa nane mchana, nje, hana ukuta, hana turubai. Unafikiri rangi itaona gari?

— Itapita, — Bunge akakubali, akivutiwa.

— Itapita bila hata kusalimia.

— Wacha! — alisema Sue. — Lakini hapo kuna kitu. Kuku wa jirani yake Adero wote ni weupe tangu Alhamisi, na wawili kati yao walikuwa weusi. Jogoo hataki hata kuwajua.

— Mnaona? Hao walikuwa njiani tu. Sasa fikirieni iliyofika.

— Kwa hivyo, — Refa akauliza, akijizuia kucheka, — tukipanda Menengai leo tutakuta imepakwa?

— Upande wa ndani. Uende na darubini.

— Na ile ambayo haikuingia shimoni?

— Hiyo ilienda ziwani. Hamjawaona flamingo wa juzi? Wekundu wote umeisha. Wamekuwa weupe pepepe.

— Hao ni yangeyange, Injinia.

— Sasa hivi ni yangeyange. Jumatano walikuwa flamingo.

Benchi zima likaanguka kwa kicheko. Bunge alicheka mpaka kifungo cha koti kikafunguka; Refa alipiga ubao kwa kiatu cha mteja; hata Sue alilazimika kuweka birika chini. Injinia akahisi lile joto la zamani likipanda kifuani, lile analolijua, la watu kukuinamia wakingoja utasema nini tena. Kila nadharia ilikuwa ikimsogeza hatua moja mbali na lita mbili. Mau ilikuwa na makosa. Kijani ilikuwa na makosa. Menengai, flamingo, upepo wa saa nane, wote walikuwa na makosa, na yeye Ephantus Njuguna alikuwa mtu anayekunywa kahawa tu.

— Lakini tusidanganyane, — Refa alisema akifuta machozi. — Ukichunguza sana utaona ni gari lenyewe. Hiyo Pijo ilikuwa ya mzungu wa shamba kule Subukia. Imezoea ngano. Umewahi kuona gari la ngano likakubali maziwa? Linakataa. Linatema rangi!

— Linatema vipi?

— Kwa ekzosi. Ndiyo maana ukiiwasha inatoa moshi mweupe!

Wakaanguka tena. Na katika ule upenyo mdogo ambao watu waliocheka huvuta pumzi, sauti ikaja kutoka nyuma ya ua wa mabati. Krr. Krr. Krr. Msasa juu ya chuma. Inaenda, inasimama, inaenda tena.

Makhanu alikuwa akisugua ule upande wa kijani. Alikuwa ameanza tangu alfajiri.

Kila mtu aliisikia. Bunge aliokota kifungo chake, Refa akarudi kwenye kiatu.

Injinia alikuwa ameshaiona pikapu ile. Hilo ndilo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Alhamisi saa kumi jioni alipita pale akitoka posho mil, akachungulia kwenye tundu la bati. Kompresa ya kukodi, ile mashine ya kusukuma hewa, ilikuwa ikinguruma. Makhanu alikuwa amefika kwenye mlango wa pili, amevaa barakoa ya hospitali na kofia ya plastiki ya kuogea, ya mkewe, na bunduki ilikuwa inakohoa hewa tupu. Akaifungua. Akatazama ndani. Akachukua mkebe, akaukwangua kwa kijiti mpaka chini, akaugeuza juu ya kikombe cha bunduki na kuushikilia hivyo, kichwa chini, muda mrefu, kama mtu anayemngoja mtoto atoke usingizini. Kilichotoka kilikuwa matone. Akaongeza thina. Akapuliza, na mlango ukawa rangi ya maji. Kisha akazima kompresa, akatoa lile daftari mfukoni, akalisoma.

Injinia angebisha bati. Angeingia aseme, ndugu yangu, simama hapo, usiguse kitu, nilikosea. Ilikuwa Alhamisi, Ijumaa nzima ilikuwa mbele. Mtu angeweza kwenda mjini kuuliza fundi wa kweli. Lakini alishika unga wake vizuri begani, akazungukia njia ya nyuma, ile ya mtaro, akafika nyumbani na viatu vimejaa matope.

— Sue, nijazie, — alisema sasa.

— Imebaki ya chini.

— Leta hiyo hiyo.

Ndipo wakamwona mwanamke akija kutoka upande wa ploti. Alikuwa amevaa viatu vya mjini na sweta ya kanisani, kiondo begani. Nekoye, mke wa Makhanu. Katika miaka yote hiyo hakuwa ameketi wala kusimama mbele ya ubao ule. Hupita ng'ambo ya barabara na kuwapungia mkono. Leo alivuka. Wanaume watatu walijikuta wamenyooka migongo.

— Hamjambo, wazee.

— Hatujambo, Mama Valarie. Karibu. Sue, mpe kahawa.

— Asante, sikai. Naenda mjini. Yule mtu wa kuchanganya rangi anafunga saa saba, na kesho ni Jumapili hafungui. — Akatazama simu yake. — Sasa ni saa tano unusu.

— Una muda, una muda, — alisema Bunge.

— Nina muda wa kwenda mara moja. Na nina pesa ya kununua mara moja. Sina ya mara mbili. — Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayetaja siku ya soko. — Jana nilimpigia yule wa rangi. Ameniambia nyeupe ya leo na nyeupe ya wiki jana zinaweza kuwa ndugu na zisifanane. Moja itaegemea njano. Wale wa maziwa wataiona. Amesema kama nataka gari litoke sawa, ninunue yote pamoja, praima na rangi, nyeupe yote niichanganye ndani ya ndoo moja, tuanze upya gari zima.

— Ameongea vizuri, — alisema Refa.

— Kwa hivyo nimekuja kuuliza kitu kimoja tu. Lita ngapi?

Bunge aliinamia kifungo chake.

— Si umwulize huyo huyo mtu wa rangi? — Refa akasema, sauti ndogo.

— Nilimwuliza. Akasema hajaliona gari, wala bunduki ya kupulizia, hajui Baba Valarie anapuliza vipi. Nimwulize mtu aliyepaka. — Akamgeukia Injinia, naye Injinia akaona kwamba macho yake hayana hasira. Afadhali yangekuwa nayo. — Baba Valarie amenituma kwako. Anasema wewe hukukosea. Anasema uliye fundi ni wewe, ni mkono wake ulikuwa mzito, alimwaga nyingi. Jana yote hakula, anarudia hivyo tu, mkono wangu, mkono wangu. Amesema, mwulize Injinia, kwa mkono mzito kama wangu, gari zima, kuanzia mwanzo, ni lita ngapi.

Krr, ilisema ile sauti nyuma ya mabati. Krr.

Bunge alikuwa na kifungo mkononi na alikuwa akikichunguza pande zote mbili. Hakusimama. Refa alikuwa ameingiza mkono wote ndani ya kiatu cha mteja, anatafuta kitu huko. Watu waliokuwa wamemaliza asubuhi nzima wakiieleza rangi, kutoka Mau mpaka ziwani, hawakuwa na hata tone la kumpa.

Na Injinia? Alilihisi jibu likija. Hivyo ndivyo alivyoumbwa: swali likigonga, namba inafungua mlango. Sita, ilisema namba. Sita inasikika vizuri. Sema sita kwa rangi na tatu kwa praima, ongeza mfano wa Landrova, ataondoka ameridhika. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Aliuona mkono wa Nekoye umeshika mshipi wa kiondo, ngozi ya vidole imepauka kwa praima ya kijivu, kumbe naye amekuwa akimsaidia mumewe. Alimwona Makhanu akigeuza mkebe. Sita ikitosha, ni bahati. Isipotosha, Jumatatu saa mbili Makhanu atakuwa amesimama Bahati kando ya gari la rangi tatu, akitazama mkono wake.

— Mama Valarie, — alisema. Sauti ilitoka ya mtu mwingine, ya mtu mdogo. — Sijui.

— Hujui ya mkono mzito?

— Sijui ya mkono wowote. Mimi sijawahi kupaka gari. Nilikuwa nabandika magazeti. Mkono wa Makhanu hauna kosa. Ile lita mbili niliitoa hewani.

Refa aliinua kichwa. Bunge alimtazama kama mtu anayemwona jirani yake bila wigi. Lakini Injinia hakuwa akiwaona hao.

Nekoye alilipima lile neno. Si kwamba alikunja uso, wala kwamba alimwonea huruma. Alikuwa kama mtu aliyelipa nauli akaambiwa gari haliendi huko.

— Neno fupi hivyo, — alisema mwishowe, pole pole. — Ungempa hilo siku ile. Angeuliza mtu mwingine.

Akapandisha kiondo begani. Aliwaaga wote, mmoja mmoja, kwa heshima ile ile aliyokuja nayo, akashika njia ya mjini, viatu vyake vizuri vikikwepa mawe.

Sue aliinamisha birika juu ya kikombe cha Injinia. Zilitoka chembe nyeusi na tangawizi iliyotafunwa na moto, basi.

Injinia aliinuka. Alitaka kumwita, amwambie arudi, amwambie chochote kile kitakachomsaidia kufika mjini. Lakini kila alipofungua mdomo, kitu pekee kilichomjia kilikuwa namba nyingine ya hewani.